Alipewa Kitu

Mwaka 1984 liliwasili katika chuo cha ualimu nilikokuwa nikifundisha lugha sanduku la mbao kutoka Ujerumani. Lilikuwa msaada wa watu wema, na ndani yake mlikuwa na chupa za kemikali za kufundishia, zimezungushiwa nyasi kavu zisivunjike njiani. Chupa chache zilibandikwa karatasi yenye fuvu la kichwa na mifupa miwili iliyopishana, na chini ya fuvu hilo neno moja la herufi nne: "Gift". Wanachuo wetu, ambao Kiingereza walikijua na Kijerumani hawakukijua, walisimama mbele ya chupa hizo wakacheka hata machozi yakawatoka. Ni mtu gani huyo anayeleta zawadi, akaiandika kabisa kwamba ni zawadi, kisha akachora fuvu juu yake?

Mwalimu wa kemia aliwaeleza kwamba kwa Kijerumani neno hilo maana yake ni sumu, akalifunga kabati kwa kufuli, na kwa upande wake jambo likaisha. Mimi nikaona nimepata somo la bure. Wiki hiyo hiyo niliwapa wanachuo wa mwaka wa pili insha ya kuandika juu ya maneno yanayofanana sura katika lugha mbalimbali na hatari zake kwa mfasiri. Nilitarajia karatasi arobaini zenye kusema jambo moja, lile nililokwisha kuwapa darasani: kwamba sura ya neno haina udugu na maana yake, kama vile watu wawili wanavyoweza kufanana sokoni na wala hawajuani. Nilipata karatasi thelathini na tisa za namna hiyo. Ya arobaini ilikuwa ya kijana mmoja mkimya aliyekuwa akikaa karibu na dirisha.

Yeye aliandika kwamba "gift" la Waingereza na "gift" la Wajerumani ni neno moja. Kamusi hakuwa nayo. Hoja yake ilikuwa moja tu, na aliitoa kijijini kwao: mtu akifa ghafula na watu wakashuku chakula, wazee matangani hawasemi kwamba alilishwa sumu. Husema, "Alipewa kitu." Basi, akaandika, huenda wazee wa Kijerumani nao walikuwa wakisema hivyo hivyo, mpaka kule kupewa kukageuka kuwa sumu yenyewe.

Niliisoma insha yake mbele ya wenzake. Nilipofika pale pa wazee wa matangani darasa zima lilicheka, nami nikacheka pamoja nao. Akainua mkono. "Lakini Mwalimu, bibi yangu husema hivyo." Nikamjibu, "Bibi yako hajui Kijerumani." Nikampa alama 6 kati ya 20.

Ilinichukua zaidi ya miaka ishirini kugundua kwamba bibi yule alikuwa amekifahamu Kijerumani kuniliko mimi. Nalieleza jambo hili si kwa sababu ya kutubu peke yake, ingawa toba nayo imo. Nalieleza kwa kuwa kosa nililolifanya siku ile bado limo katika vitabu vingi wanavyopewa wanafunzi wa lugha, na walimu wanaendelea kulirithisha wakidhani wanafundisha uangalifu.

Vitabu hivyo vina desturi ya kuyaita maneno ya aina hii "marafiki wa uongo". Jina hilo lilienezwa na Wafaransa wawili, Maxime Koessler na Jules Derocquigny, katika kitabu walichokichapisha mwaka 1928 kuwaonya wenzao juu ya maneno ya Kiingereza yanayofanana na ya kwao. Kazi yao ilikuwa halali. Mfasiri anayeona neno analolijua akalitafsiri bila kuuliza atapotoka, na mtu wa kumshika mkono anahitajika. Lakini waliofuata baada yao, hasa watungaji wa orodha fupi za kuchekesha, waliubeba utani wakaliacha somo. Orodha zao huweka maneno kama mtu anavyopanga vituko mezani: tazama hili, tazama na lile, Wazungu hawaelewani. Baada ya kicheko hakuna kitu.

Na ubaya wa orodha hizo ni kwamba huchanganya mambo mawili ambayo hayana uhusiano hata kidogo. Chukua neno "burro". Kwa Kitaliano ni siagi, kwa Kihispania ni punda. Siagi ya Mtaliano imetoka katika neno la Kilatini ambalo nalo lilitoka kwa Wagiriki. Punda wa Mhispania ametoka katika neno jingine la Kilatini la baadaye, lililotumika kumtaja farasi mdogo. Maneno mawili tofauti kabisa yalisagwa na midomo ya watu kwa karne nyingi, kila moja upande wake, mpaka yakatokea na sura moja. Hiyo ni sadfa, na hapo mfano wangu wa watu wawili sokoni unafaa.

Sasa chukua "coin". Kwa Kiingereza ni sarafu, kwa Kifaransa ni pembe ya chumba au ya barabara. Mtu angeapa kwamba hapa napo ni sadfa. Kumbe ni neno moja, lililotoka kwa Kilatini likiwa na maana ya kabari. Kabari ina ncha, na pembe ya chumba ina umbo la kabari. Hivyo Mfaransa akafika kwenye pembe. Chuma cha kugongea chapa juu ya fedha nacho kiliitwa kwa jina hilo hilo la kabari. Mwingereza akalichukua kutoka kwa Mfaransa, na kutoka katika chuma akahamia kwenye kile kilichogongwa. Hawa si watu wawili wanaofanana sokoni. Ni ndugu wa tumbo moja waliohama, mmoja akawa mjenzi na mwingine mfua fedha. Kumwambia mwanafunzi kwamba "burro" na "coin" ni jambo la aina moja ni kumfundisha ujinga kwa sauti ya kitaalamu. Mimi ndivyo nilivyofanya.

Nirudi kwenye "gift", maana ndilo lililonishitaki.

Katika lugha za jamii ya Kijerumani, Kiingereza kikiwamo, kipo kiambishi cha kale cha "t" ambacho kikiunganishwa na kitenzi hutoa nomino. Mwingereza anao mfano mmoja ulio wazi: kutokana na kitenzi cha kufuma amepata jina la uzi wa mshindio, "weft". Kwa njia hiyo hiyo, kitenzi cha kutoa au kumpa mtu kitu kilizaa "gift". Maana yake ya kwanza basi ni kule kutoa, au chenye kutolewa. Zawadi bado. Sumu bado. Ni tendo la mkono tu.

Kitu gani hutolewa? Hapo kila ukoo ulijibu kwa jambo lililousumbua zaidi. Katika Kiingereza cha kale kabisa, neno hili lilitumika kwa malipo ambayo mwanamume alitoa ili apate mke. Na likiwa katika wingi lilikuwa na maana ya harusi. Kwa maneno mengine lilikuwa karibu sana na mahari yetu, yanayotoka upande wa mume. Maana ya zawadi kwa jumla, pamoja na matamshi ya "g" nzito ambayo Mwingereza anayo leo, ilikuja kwa nguvu ya watu wa kaskazini ambao mashambulizi yao katika pwani ya Uingereza huhesabiwa tangu mwaka 793. Walikuja kupora, wengine wakabaki kulima, na miongoni mwa vitu walivyoacha ni neno la zawadi. Historia nayo ina utani wake.

Huko kaskazini kwenyewe, Uswidi, Norwe na Denmaki, kutoa kulibaki kwenye ndoa. Mtu aliye "gift" ni mtu aliyekwisha kuoa au kuolewa. Asili yake ni binti aliyetolewa na baba yake, kama tunavyosema binti kaozwa, lakini leo hata mwanamume huitwa hivyo hivyo, ingawa yeye hakutolewa na mtu. Kiswahili chetu hakijakubali usawa huo. Bado tunaye anayeoa na anayeolewa, na mwanafunzi anayekosea hapo tunamcheka kuliko anayekosea upatanisho wa ngeli. Katika nchi hizo tatu, lakini, "gift" vilevile ni sumu. Maana hii ya pili haikuzaliwa huko. Iliingia kutoka Kijerumani cha kaskazini. Kwa hiyo neno lililotoka nyumbani mwao limekaa kiti kimoja na binamu yake aliyerudi kutoka ugenini na tabia nyingine. Wenyeji wanao mzaha juu ya ndoa na sumu ambao sina haja ya kuueleza, kwani kila msomaji amekwisha kuubuni mwenyewe.

Wajerumani je? Katika Kijerumani cha kale "gift" lilikuwa kipawa, kitu kilichotolewa, na kwa karne nyingi maana hii iliishi sambamba na ile ya sumu. Mabaki yake yamo hadi leo katika neno "Mitgift", yaani mali anayokwenda nayo bibi harusi. (Angalia tena: kwa Mwingereza wa kale mali ilitoka kwa mume, kwa Mjerumani imetoka kwa wazazi wa mke. Neno moja limebeba mahari ya pande zote mbili.) Kamusi kubwa waliyoianzisha ndugu wawili Jacob na Wilhelm Grimm, ambayo juzuu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1854 na ya mwisho mwaka 1961, huonyesha maana hizo mbili zikitokana na mzizi mmoja.

Maelezo ya kawaida ya wataalamu juu ya namna kipawa kilivyogeuka sumu ni haya. Wagiriki walikuwa na neno "dosis", nalo kwao lilikuwa na maana ya utoaji, kutoka kitenzi cha kutoa. Waganga walilitumia kwa kiasi cha dawa anachopewa mgonjwa, na Kilatini kikalichukua. Wajerumani walipotaka kulisema hilo kwa lugha yao, walitafuta neno lao la utoaji, nalo lilikuwa "gift". Dawa iliyopimwa ikawa "gift". Na kwa kuwa dawa nyingine kazi yake ilikuwa kumwondoa mtu duniani bila kelele, neno likazoea kazi hiyo.

Neno hilo la Kigiriki tunalo sisi. Ni dozi. Muuguzi anapotuambia tumalize dozi, anatuambia, kwa asili ya neno, tumalize tulichopewa. Waandishi wa michezo wanaposema timu fulani imepewa dozi ya mabao manne wamerudia kupa mara mbili katika pumzi moja, na wamekaribia maana ya Mjerumani kuliko wanavyojua.

Mtu aliyelitilia shaka elezo hilo la wataalamu ni Mfaransa Marcel Mauss. Mwaka 1924 alichapisha makala fupi juu ya neno hili hili, na mwaka uliofuata ikafuata kazi yake mashuhuri juu ya utoaji wa zawadi katika jamii mbalimbali. Mauss aliuliza swali la haki: inakuwaje jambo la kila siku kama sumu likapewa jina la kitaalamu lililofasiriwa kutoka kwa waganga? Watu wa kawaida hawapati majina yao vitabuni. Hapo nakubaliana naye kabisa. Lakini jibu lake lilikwenda mbali. Aliona kwamba zawadi yenyewe ina hatari ndani yake, kwamba humfunga anayepokea, na kwamba miongoni mwa Wajerumani wa kale zawadi ya mfano ilikuwa kinywaji cha karamu, ambacho mnywaji hawezi kuwa na hakika nacho. Hivyo, kwake, zawadi na sumu zilikutana ndani ya kikombe.

Ni wazo zuri, na limelisha vitabu vingi. Nadhani hata hivyo halikuhitajika. Bibi wa mwanafunzi wangu, aliposema fulani alipewa kitu, hakuwa akiogopa zawadi. Angepewa kitenge siku ya Idi angekipokea kwa mikono miwili na dua juu. Alichokiogopa ni neno sumu. Kulitaja ni kumshitaki mtu, na pengine mshitakiwa alikuwa amekaa mkeka uleule wa matanga. Kwa hiyo alichukua kitenzi kisicho na rangi kuliko vyote, kupa, akakitendea tafsida. Aliyesikia alielewa, asiyetakiwa kuelewa hakuwa na cha kushika. Hakuna haja ya nadharia ya karamu za kale, wala haja ya kudhani kwamba watu wa vijijini walisoma vitabu vya waganga wa Kigiriki. Waganga waliongeza nguvu tu kwenye njia ambayo watu walikwisha kuianza. Mwingereza mwenyewe amepita njia hiyo: jina lake la sumu, "poison", lilimjia kupitia Kifaransa kutoka neno la Kilatini ambalo maana yake ni kinywaji tu. Mmoja kasema alipewa, mwingine kasema alinyweshwa. Wote wamekwepa kusema.

Tafsida nayo ina gharama. Neno pole likifunika jambo kali kwa muda mrefu, ukali hupenya juu. Wazee wetu walikuwa wakisema mvua inanya, na hakuna aliyeona haya, maana kunya kwa mvua ni kushuka kwake. Maana ya pili ya kitenzi hicho, ambayo msomaji ataniwia radhi nisiifafanue, ilishika nguvu hata mwalimu wa leo hathubutu kuliandika neno hilo ubaoni. Mvua sasa inanyesha. Kadhalika Wajerumani. Mara "gift" liliponuka sumu, haikuwezekana tena kulipeleka harusini. Wakatafuta maneno mengine ya zawadi, nalo wakaliacha kabatini na fuvu lake. Waholanzi, jirani zao, waliona tatizo hilohilo wakalitatua kwa kisu: "gift" kwao imebaki kitolewacho, na sumu ikakatwa herufi ya mwisho ikawa "gif". Ila kisu hakikufika kila mahali, kwani kitu chenye sumu bado wanakiita "giftig", na ile "t" imo.

Sisi katika jambo hili hatuna cha kuwacheka. Nendeni dukani mkaulize dawa ya panya. Muuzaji hatawauliza panya anaumwa nini. Dawa ya mbu, dawa ya mchwa, dawa ya kuku na dawa ya mtoto hukaa rafu moja chini ya jina moja, na kinachozitenganisha ni nani anapewa na kwa kiasi gani. Tabibu Paracelsus, aliyefariki mwaka 1541, ndivyo alivyowajibu wapinzani wake katika maandishi yake ya mwaka 1538: kwamba hakuna kitu kisicho na sumu, ila kipimo ndicho kinachoamua. Aliandika kwa Kijerumani. Neno alilolitumia kwa sumu ni "Gift", na neno alilolitumia kwa kipimo ni "dosis"; yule Mgiriki na mfasiri wake wamesimama katika sentensi moja, nadhani bila mwandishi kukusudia.

Haya yote yangeweza kuanzia darasani kwangu siku ile. Mwanafunzi alikuwa ameleta ushahidi kutoka lugha anayoijua, akautumia kufungua lugha asiyoijua, na huo ndio uchambuzi wenyewe, hakuna mwingine. Mimi nilimwambia, mbele ya walimu watarajiwa thelathini na tisa, kwamba maneno ya bibi hayaingii katika hoja. Nahofia wao walilishika somo langu vizuri. Walikwenda mikoa yote, na kila mmoja alisimama mbele ya watoto kwa miaka thelathini au zaidi.

Yeye alihitimu, akapangiwa shule ya msingi mbali, na barua yangu, nilipoandika hatimaye, ilirudi na mhuri wa posta kwamba mwenye jina hilo hayupo. Daftari langu la alama za miaka ile ninalo bado. Kalamu nyekundu imefifia, 6 inasomeka. Nimeisahihisha kwa kalamu ya bluu, nikatia sahihi yangu na tarehe kama kanuni zinavyotaka. Nimempa 18. Mbili nimezizuia kwa sababu Wajerumani huanza kila nomino kwa herufi kubwa, na yeye aliandika "gift" lao kwa herufi ndogo, ilhali chupa ilikuwa mbele ya macho yake.